Edison aliuza mashine, lakini hakutaka kuiachilia

Wanafunzi wa Uvira hulijua jina la Thomas Edison mapema, tangu shule ya msingi: ndiye mtu wa ampuli. Mwalimu akishasema hivyo, somo linaendelea kwa mwingine. Lakini maisha ya mzee huyu yana upande mwingine ambao shuleni haugusiwi sana, na kwa mtu mwenye simu mkononi upande huo una maana kuliko hata ile ampuli. Mtu akishanunua mashine kwa feza yake, ni nani anayeamua itumike namna gani? Yeye, au yule aliyeitengeneza?

Swali hilo liko kila siku kwenye meza za mafundi simu, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu. Simu imetoka Ulaya, mwenyewe amelipa mpaka franga ya mwisho, lakini ukiweka kadi ya mtandao wa Kongo inakataa, juu imefungwa kwenye mtandao wa kule ilikotoka. Nyingine imejaa programu zisizofutika hata ufanye nini. Nyingine imebadilishwa kioo, kioo ni kizima, kinaonyesha vizuri, lakini simu yenyewe inaendelea kulalamika kwamba hakikutoka kwa aliyeitengeneza. Fundi ana mikono na ana akili. Kilichofungwa ni programu. Wengi wanadhani mambo hayo yalikuja na simu. Kumbe yana zaidi ya miaka 100, na Edison yumo katikati.

Thomas Alva Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani, mtoto wa mwisho kati ya saba. Mwaka 1854 jamaa yake ilihamia Port Huron, jimbo la Michigan. Shule hakukaa sana. Mama yake Nancy, aliyekuwa amefanya kazi ya ualimu, ndiye aliyemfundisha nyumbani. Masikio yalianza kumharibikia akiwa bado mtoto, na mpaka uzee alisikia kwa taabu.

Akiwa na miaka 12 alianza kuuza magazeti na pipi ndani ya treni ya kwenda Detroit. Hapo ndipo unaona mtoto wa aina gani: ndani ya behewa la mizigo aliweka chupa zake za dawa za majaribio, kiisha akaweka na mashine ndogo ya kuchapa, akawa anatoa gazeti lake mwenyewe huku treni inakwenda. Mwaka 1862 aliokoa mtoto wa mkuu wa kituo kimoja asikanyagwe na behewa. Baba wa mtoto hakuwa tajiri, akamlipa kwa kumfundisha kazi ya telegrafu, ile ya kutuma habari kwa waya kwa kugonga-gonga.

Wanaosimulia maisha yake hupenda habari ya Stratford, kule Kanada, alikotumika usiku akiwa kijana. Mkuu wa kazi alitaka kila saa mtumishi wa zamu agonge alama moja kwenye waya, ili ijulikane kwamba hajalala. Edison alichukua saa ya ukutani, akaiunganisha na mashine ya telegrafu, na kila saa ilipofika mashine ikawa inagonga yenyewe huku yeye amelala. Siku moja mkuu alijibu mara tu baada ya kupokea alama, akaita, akaita, hakuna mtu. Ndiyo mambo yakajulikana. Mashine haikuwa yake, hakuna aliyempa ruhusa ya kuigusa, na bado aliifungua na kuiongezea kazi ambayo aliyeitengeneza hakuifikiria. Leo Uvira kijana wa namna hiyo angekuwa na meza yake sokoni na vibisibisi vyake, na watu wangempanga foleni.

Mwaka 1869 alifika New York bila kitu. Katika ofisi moja iliyotangaza bei ya dhahabu kwa waya, mashine ilikufa ghafla na wakubwa wakachanganyikiwa. Edison alitazama, akaona kipande kilichovunjika na kuangukia kati ya meno ya magurudumu, akaitengeneza, akapewa kazi. Muda si mrefu, kadiri alivyokuwa akisimulia mwenyewe, aliuza marekebisho yake ya mashine za bei za soko kwa dola 40,000. Kwa hiyo utajiri wake wa kwanza ulitoka wapi? Kwa kufungua mashine za watu wengine.

Mwaka 1876 alijenga karakana yake Menlo Park, jimbo la New Jersey, na mwisho wa 1877 akatoa fonografu, mashine ya kwanza iliyoshika sauti ya mtu na kuirudisha. Ampuli yake ilikuja 1879, na tarehe 4 Septemba 1882 kituo chake cha umeme cha Pearl Street kikaanza kuangaza sehemu ya New York. Hayo yanajulikana, hakuna haja ya kukaa nayo. Tuseme tu kwamba umeme wake ulikuwa wa aina isiyosafiri: ukipita kama kilomita moja na nusu ulikuwa umekwisha nguvu. Umeme wa maporomoko ya Ruzizi usingefika Uvira kwa njia ya Edison. Unafika kwa ile njia nyingine aliyoipiga vita kwa miaka na kushindwa.

Habari ya ampuli ilimwachia kidonda, na bila kidonda hicho huwezi kuelewa aliyoyafanya baadaye. Alikuwa na hati ya uvumbuzi, ile breve, tangu Januari 1880. Lakini kampuni nyingi zilitengeneza ampuli za kufanana na yake bila kumlipa. Alishtaki. Kesi zilivutwa na kuvutwa, na aliposhinda kabisa mwaka 1892, hati ilikuwa imebakiza miaka miwili tu. Maavoka walikuwa wamekula feza nyingi. Mtu aliyepitia hayo anajifunza kwamba kuvumbua peke yake hakulishi; lazima ukishike kitu kwa nguvu hata baada ya kukiuza.

Fonografu yake ya awali, hata hivyo, ilimpa mnunuzi uhuru mkubwa. Toka 1888 ilitumia mche wa nta, mviringo kama kikombe kisicho na kitako. Mashine ileile iliyopiga muziki iliweza pia kunasa sauti: unasema ndani ya tarumbeta, sindano inachora kwenye nta, unabadilisha kichwa, unasikia ulichosema. Ukichoka nayo unaikwangua nta ikawa laini, unaanza upya. Mashine za aina hiyo zilifika hata huku. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alibeba moja kusini mwa Tanganyika ya Wajerumani mpaka nyanda za Wamakonde, na mwaka 1907 Jan Czekanowski alinasa nyimbo Rwanda, si mbali na bonde la Ruzizi. Miche hiyo ya nta ilipelekwa Berlin. Ni kati ya sauti za zamani kabisa za eneo hili zilizohifadhiwa, na zilinaswa kwa sababu aliyetengeneza mashine hakumfungia mwenye mashine mlango wa kunasa.

Mlango ulianza kufungwa kwenye sinema.

Karakana ya Edison, na hasa mtumishi wake W. K. L. Dickson, ilitoa kinetoskopu, sanduku la kuchungulia picha zinazotembea. Watu walianza kulipia kuchungulia New York mwezi Aprili 1894. Mashine ya kuonyesha picha ukutani iliyokuja na jina la Edison mwaka 1896 kwa kweli haikuwa kazi yake. Ilitoka kwa Thomas Armat na Francis Jenkins, ikauzwa kwa jina lake kwa sababu jina lake liliuza. Na kampuni yake haikuona aibu kuuza nakala za filamu ya Mfaransa Georges Méliès ya safari ya kwenda mwezini bila kumlipa mwenyewe. Ni vizuri kulikumbuka hilo unapomwona akilia juu ya wezi.

Mwaka 1902 tribinali ya rufaa ilisema wazi kwamba Edison hawezi kudai amevumbua sinema yote. Basi akatafuta njia nyingine. Tarehe 18 Desemba 1908 kampuni yake na kampuni nyingine kubwa za sinema ziliunganisha hati zao zote za uvumbuzi katika chombo kimoja, Motion Picture Patents Company. Watu waliita Trasti ya Edison. Wakapatana na George Eastman, mwenye Kodak, asiuzie utepe wa filamu mtu aliye nje ya kundi. Mwenye ukumbi wa sinema, hata kama mashine alishainunua kabisa, akatakiwa kulipa dola 2 kila juma kwa ruhusa ya kuitumia. Kila juma! Wakongomani wenye simu hawajasahau RAM, ile kodi iliyokatwa kwenye inite zao kuanzia 2020 mpaka ilipofutwa 2022. RAM ilikuwa ya serkali, si ya watengenezaji wa simu, lakini uchungu ni mmoja: kifaa umekilipa, na bado kuna anayekuja kuhesabu.

Dola 2 hazikuwa jambo baya kuliko yote. Baya lilikuwa kwenye plaki. Kila mashine ya kuonyeshea sinema iliyotengenezwa kwa lisansi ya Trasti ilipigiliwa plaki ya chuma yenye maandishi, na maandishi yalisema mnunuzi anayo haki ya kuitumia kwa filamu za kundi lile tu. Mashine ya sinema bila filamu ni chuma tupu, kama simu isiyo na programu. Ukimwamulia mtu filamu ya kuweka ndani, umemwamulia kazi yote ya mashine, na yeye amebaki na mzigo wa kuibeba na kuipangusa vumbi.

Kulikuwa na mtu mmoja mfupi aliyekataa. Carl Laemmle alizaliwa Laupheim, Ujerumani, mwaka 1867, akahamia Marekani akiwa kijana wa miaka 17. Kwa miaka alisimamia butike ya nguo, kiisha mwaka 1906 akafungua ukumbi mdogo wa sinema Chicago, akaingia na katika biashara ya kukodisha filamu. Mwaka 1909 alijitoa kwenye Trasti na kuanza kutengeneza filamu zake. Akashtakiwa. Akashtakiwa tena. Kesi zilipita 200 katika miaka mitatu hivi, na hakuacha. Wenzake wengine walikimbilia California, kwenye jua, na pia mbali na maavoka wa New Jersey. Mwaka 1912 Laemmle na wenzake waliunda kampuni ya Universal.

Mwaka huohuo wa 1912 ulikuja uamuzi uliowatisha wote. Haukuhusu sinema. Ulihusu mashine ya kunakilisha karatasi, mama wa ile roneo ambayo mashule na maparokia ya Kivu yalichapishia mitihani na nyimbo kwa miaka mingi. A. B. Dick wa Chicago alikuwa amepata ruhusa ya Edison tangu 1887, na mashine zake zilibeba jina la Edison. Kwenye mashine aliweka tangazo: itumike kwa stensili na wino wa A. B. Dick tu. Muuzaji mmoja wa wino aliuza mkebe wa wino wake kwa mwanamke aliyekuwa na mashine hiyo. Ni mkebe mmoja tu wa wino. Kesi ilipanda mpaka Tribinali Kuu ya Marekani, na mwezi Machi 1912 majaji wanne dhidi ya watatu walimpa A. B. Dick haki. Maana yake, mwenye hati ya uvumbuzi angeweza kukuuzia mashine na kukuandikia juu yake wino wa kununua. Mtu yeyote wa Uvira mwenye sekretaria ya kuchapa na kufotokopi, aliyewahi kuona printa ikikataa wino wa bei nafuu, anaijua ladha ya hukumu ile.

Wamarekani wengi walikasirika, na mwaka 1914 bunge lao likapitisha sheria ya kubana mauzo ya kufunga mnunuzi namna hiyo. Oktoba 1915 tribinali ya Philadelphia ikaamua kwamba Trasti ilivunja sheria ya ushindani. Lakini plaki bado zilikuwa zimepigiliwa kwenye mashine.

Kesi ya kuzing'oa ilianzia kwenye ukumbi mmoja wa sinema wa mtaa wa 72, New York. Mashine yao ilikuwa ya lisansi na ilikuwa na plaki. Filamu walizoweka zilikuwa za Universal ya Laemmle. Trasti iliwashtaki wote. Tarehe 9 Aprili 1917, siku tatu baada ya Marekani kuingia katika vita vya kwanza vya dunia, Tribinali Kuu ilitoa jibu, na safari hii iliufuta uamuzi wake yenyewe wa 1912. Majaji walisema hati ya uvumbuzi inalinda kile kilichovumbuliwa, yaani namna mashine inavyosukuma utepe. Hailindi filamu ambazo si sehemu ya uvumbuzi huo. Mashine ikishauzwa na bei ikalipwa, muuzaji hawezi kumfuata mnunuzi nyumbani kwa karatasi iliyobandikwa, wala kwa masharti mapya atakayoyafikiria kesho.

Hilo la masharti ya kesho linafaa kutazamwa vizuri. Plaki ilikuwa imeandikwa kwamba mtumiaji atafuata pia masharti mengine yatakayowekwa na Trasti baadaye, mashine ikiwa tayari inatumika. Ni kama simu inayolala vizuri jioni, usiku ikajibadilisha programu yenyewe, na asubuhi mwenyewe anakuta kazi moja imeondolewa na anaombwa abonyeze kwamba amekubali.

Edison alikuwa na miaka 70 wakati huo, na sinema ilikuwa imeshamtoka moyoni. Mwaka 1918 aliacha kabisa kutengeneza filamu. Lakini fimbo ile ya kumfunga mnunuzi hakuitupa, aliihamishia kwenye muziki. Toka 1912 alikuwa ametoa santuri nene zilizopigwa kwa sindano ya almasi, na mashine zake nzuri za kabati la mbao. Wengi waliosikia walikubali kwamba sauti yake ilipita ya washindani. Shida ni kwamba mifereji yake ilichorwa kwa kupanda na kushuka, wakati santuri za kampuni nyingine kubwa zilichorwa kwa kwenda upande huu na huu. Santuri ya Edison ilitaka mashine ya Edison, na mashine ya Edison ilitaka santuri ya Edison. Hapakuhitajika plaki tena. Kifungo kilikuwa ndani ya chuma chenyewe, na hakuna jaji wa kukisoma.

Nyimbo za kurekodiwa alizichagua mwenyewe. Mtu asiyesikia vizuri, ambaye mara nyingine aliuma mbao za kinanda kwa meno ili mtetemo umfikie, ndiye aliyeamua nyumba zote zenye mashine yake zisikie nini. Hakupenda jazi. Hakuona umuhimu wa majina ya waimbaji, na santuri zake za kwanza zilitoka bila kuyaandika. Waliotaka muziki wa siku zile walikwenda kwa wengine.

Mwishoni mwa Oktoba 1929 kampuni yake ilitangaza kuacha biashara ya santuri. Watu waliokuwa wamelipia kabati la gharama kubwa walibaki nalo sebuleni, zima, linang'aa, na hakuna santuri mpya itakayotoka tena ya kuliweka.

Thomas Edison alikufa West Orange, New Jersey, tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na miaka 84 na hati 1,093 za uvumbuzi za Marekani kwa jina lake. Siku ya mazishi, saa nne usiku, Wamarekani wengi walizima taa kwa dakika moja. Kuhusu yale makabati, mafundi walikuwa wameshayatafutia dawa tangu zamani: vichwa vya kubandika, vilivyouzwa na watu wasio na uhusiano wowote na Edison. Unavua kichwa chake, unaweka hicho kingine, na santuri za kampuni nyingine zinalia ndani ya mashine aliyoitengeneza zisilie humo.